Ami, nimemuua Zeus

Juzi laasiri nimeinamia mashine ya fotokopi, karatasi imekwama mle ndani na mteja kasimama anangoja nakala ya cheti cha kuzaliwa, mara mtoto wa kaka yangu huyo kaingia dukani mbio, jasho chapachapa, kandambili moja mguuni nyingine mkononi. "Ami! Nimemuua Zeus!"

Nikamwambia hongera, shika hapa. Nikampa kifuniko cha mashine akishikilie maana bawaba yake ilishavunjika zamani.

Nilijua anachozungumza. Hapa Amu, yani Lamu, kuna chumba kule mtaa wa Langoni vijana wanalipia pleisteshen kwa dakika, madirisha yamezibwa na makatoni ili jua lisipige tivi, joto la humo ni la tanuri ya chokaa, na wiki nzima hii yeye na wenzake wamo kwenye God of War, ile ya tatu, iliyotoka 2010 yani kabla hata yeye hajazaliwa. Ndani yake kuna jamaa mwenye upara anaitwa Kratos, amekosana na miungu wote wa Kigiriki na anawamaliza mmoja mmoja, na kila anayekufa anaondoka na kitu: Poseidon akifa bahari inapanda inameza nchi, Helios aking'olewa kichwa jua linapotea, Hermes akifa yanatoka madudu ya maradhi, Hera akifa mimea inakauka yote. Wa mwisho ni Zeus, mfalme wao, na huyo unampiga ngumi mpaka tivi nzima inakuwa nyekundu huoni kitu, na kama hasira haijakuisha unaweza kuendelea kupiga tu, gemu halikuzuii.

Karatasi ikatoka, mteja akachukua nakala yake akaenda zake, mtoto akakaa juu ya ndoo ya rangi. Furaha ikaanza kumpungua naiona hivi hivi usoni.

"Lakini ami, kwani si ulisema hafi?"

Hapo akanipata. Stima zikipotea mimi ndio huwa nawakalisha hawa watoto barazani nawapigia hadithi za Wagiriki, na kweli nilisema, tena kwa kujigamba, kwamba wale ni wasiokufa. Alafu kabla sijajibu akaongeza jingine, na hili ndilo lililonikosesha usingizi: "Basi sindano yake ni gani?"

Mtoto wa Amu huyo. Nyinyi mlio mbali mtaniuliza sindano gani. Fumo Liyongo wetu alikuwa hapigiki, mkuki haumuui, mshale haumuui, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mtoto wake mwenyewe akatumwa na sultani wa Pate akamuulize siri, na baba akamwambia, na ukisoma ule utenzi aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unaona wazi kuwa Liyongo alishashuku na bado akamwambia. Kwa hivyo mtoto aliyelelewa na stori hii hakuulizi kama fulani anakufa, anakuuliza anakufa kwa nini. Kila mtu ana sindano yake mahali.

(Kabla hatujaenda mbali. Mimi Muislamu na najua kuna ndugu ataona neno miungu kabla hajamaliza kusoma ashanitumia voisi ya dakika nane. Aliye hai asiyekufa ni Mmoja na simzungumzii hapa. Hawa ni wa hadithi. Tuendelee.)

Sasa Wagiriki wenyewe walisemaje. Homer, mshairi wao mkuu wa kale, mara nyingi hata hasemi miungu, anasema athanatoi, wasio na kifo, na sisi wengine anatuita wafao, basi. Yani mpaka wote kati ya mungu na mtu ni hapo tu. Sio wema, manake wale wana vituko kuliko sisi, wanaiba, wanazini, wanasingiziana. Sio nguvu peke yake. Ni kifo. Kwa hivyo kwa Mgiriki wa zamani ukimwambia mungu fulani amekufa ni kama umwambie pweza amevunjika mfupa, atakuangalia tu.

Lakini wanaumia! Hili watu wengi hawalijui. Kwenye Iliad, utenzi wake wa vita vya Troy, kitabu cha 5, kuna kijana anaitwa Diomedes siku hiyo kapandisha, mungu Athena yuko nyuma yake anamtia nguvu, anamkuta Aphrodite, mungu wa mapenzi, vitani anamuokoa mwanawe akamchoma mkuki karibu na kiganja. Na hakikutoka damu. Kilitoka kitu kinaitwa ikori, na Homer anasimama pale pale katikati ya vita kutueleza kwanini: hawa hawali mkate, hawanywi divai, ndio maana hawana damu na wanaitwa wasiokufa. Yani ni suala la chakula! Mi nimeipenda sana hiyo, ni maelezo ambayo bibi yangu angeyakubali bila swali. Unachokula ndicho unachokuwa. Wao wanakula ambrosia, na hilo jina lenyewe maana yake ni hiyo hiyo ya kutokufa.

Aphrodite akakimbia kwa mama yake analia kimkono chake. Baadae zamu ikamfika Ares, mungu wa vita mzima, Diomedes akamchoma chini ya tumbo huku Athena anausukuma ule mkuki, na Ares akapiga ukelele, Homer anasema kama wanaume elfu tisa au elfu kumi wakipiga kelele vitani. Akapanda juu kwa baba yake kushtaki, anaonyesha kidonda. Zeus akamgombeza kwanza, akamwambia katika wote mimi wewe ndiye ninaekuchukia zaidi, alafu akamwita tabibu. Dawa ikatiwa na kidonda kikafunga upesi kama maziwa yanavyoganda ukiyatia utomvu wa mtini ukayakoroga. Hebe akamuogesha, akavishwa nguo safi, akakaa zake kando ya baba yake anajisikia vizuri kabisa.

Naomba mkumbuke hayo maji ya kuoga.

Maana mbele sana, kitabu cha 22, kuna maji mengine. Mke wa Hector, shujaa wa Troy, yuko ndani anafuma kitambaa, anawaambia wajakazi wake waweke chungu kikubwa motoni, mumewe akirudi vitani akute maji moto aoge. Hajui. Hector yuko chini ya ukuta wa mji ameshakufa zamani. Maji yanachemka ya mtu ambaye hatarudi.

Mi nilisoma ile sehemu mara ya kwanza niko kwenye boti natoka Mokowe na nikafunga kitabu nikaangalia maji tu mpaka tukafika. Na sioni kama Homer aliweka bafu mbili kwa bahati. Mungu anachomwa, analia, anaogeshwa, kwisha, ni kichekesho. Mtu anachomwa mara moja. Ndio maana kwenye kitabu kile vita vya miungu unavisoma unacheka, na vita vya watu unavisoma umeshika kichwa. Asiyekufa hana cha kupoteza, na asiye na cha kupoteza huwezi kumlilia hata ukitaka, hata kelele yake iwe ya watu elfu kumi.

Sasa turudi kwenye sindano. Nikamwambia yule mtoto Zeus hana sindano, lakini nikiwa nasema hivo nikakumbuka mtungi.

Aphrodite alipokwenda kulia, mama yake, anaitwa Dione, akambembeleza kwa kumhesabia miungu wengine walioumizwa, kama sisi tunavyomwambia mtoto aliyeanguka mbona fulani alianguka zaidi. Hera alipigwa mshale wa kifua na Herakles, yule shujaa wao mwenye nguvu. Hades naye vile vile. Na Ares, anasema Dione, alifungwa na ndugu wawili, Otus na Ephialtes, majitu yale, wakamtia kwenye mtungi wa shaba miezi 13. Na hapo Homer anateleza neno moja: anasema Ares angeangamia humo, kama mama wa kambo wa wale vijana asingempasha habari Hermes akaja akamuiba, naye hoi.

Angeangamia! Mungu asiyekufa! Ukiwauliza wasomi watakupa majibu, kuna wanaosema ni namna ya kusema tu, lakini neno liko pale miaka yote hii halijatoka. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na mtungi wa maji wa udongo, umefika kifuani kwangu nilipokuwa mdogo, siku moja nikaingiza kichwa kuona ndani kuna nini na sauti yangu mwenyewe ikanirudia kutoka chini nzito kama ya mtu mwingine, nikatoka mbio. Miezi 13 ya hiyo. Giza, shaba, na sauti yako.

Na ukishaiona hiyo ya mtungi unaanza kuona kumbe hadithi zote za Wagiriki zina shida moja: nifanye nini na mtu asiyekufa? Adui wa kawaida unamuua, unazika, unakula pilau ya hitima unaendelea na maisha. Sasa huyu? Kronos, baba yake Zeus, alijaribu kuwameza watoto wake, haikufaa, wakatapikwa wazima. Zeus alimmeza mkewe Metis, na Metis akabaki tumboni humo anampa ushauri (hii naijua nyumba kadhaa). Wale Titani, miungu waliotangulia, waliposhindwa vita hawakuuliwa, walitupwa Tartarus, shimo la chini kabisa, na mshairi wao mwingine, Hesiod, anapima umbali: fuawe ya shaba ukiiachia kutoka mbinguni itaanguka siku tisa usiku na mchana ifike duniani ya kumi, na kutoka duniani siku tisa nyingine mpaka kule chini. Prometheus, aliyewaibia miungu moto, hakuuliwa, alifungwa kwenye mwamba tai akawa anamla ini na ini linaota tena. Hakuna makaburi, kuna jela tu.

Hata Zeus mwenyewe nusura. Kwenye kile kitabu kinachoitwa cha Apollodorus, lile joka Typhon lilimnyang'anya mundu wake mwenyewe likamkata mishipa ya mikono na miguu, likambeba mpaka pangoni, mishipa ikafichwa ndani ya ngozi ya dubu. Fikiria hiyo picha. Mfalme wa miungu amelala chini pangoni kama tanga lisilo na foromali, hai kabisa, anaona kila kitu, hawezi kukunja kidole. Hermes na Aegipan wakaiiba ile mishipa wakamrudishia. Mtoto nilipomwambia hiyo macho yakamtoka. "Hiyo ndo sindano yake!" Nikamwambia hapana, hakufa. "Lakini ami hawezi kusogea." Ndio. "Sasa tofauti iko wapi?"

Ana miaka 13 huyu. Mi nikajifanya natafuta wino.

Kuna kingine Hesiod anakieleza kiko karibu zaidi na kifo kuliko vyote. Mungu akiapa kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu, alafu akawa muongo, analala mwaka mzima hana pumzi, hasemi, hagusi ambrosia, ametandikiwa kitanda kalala tu. Akiamka anafungiwa nje ya vikao na karamu za wenzake miaka tisa. Yani ukiniuliza mimi, sindano ya miungu wale kama ipo ni kiapo cha uongo. Lakini nayo ina tarehe ya kurudi.

Na wako waliokitaka kifo wakakikosa. Chiron, yule nusu farasi, mwalimu wa mashujaa, alipigwa kwa bahati mbaya na mshale wa Herakles uliopakwa sumu ya Hydra, joka la vichwa vingi, kidonda hakiponi, na kufa hawezi. Akaingia pangoni mwake anaomba afe. Mwisho ikabidi patengenezwe mabadilishano akaachilia kutokufa kwake na Prometheus akaingia kwenye hiyo habari, masimulizi yake yamekaa kimafumbo kidogo wala sitawachosha. Tithonus ndo mbaya zaidi. Mtu wa kawaida, mungu wa alfajiri Eos akampenda, akamuombea kwa Zeus asife, Zeus akakubali, na Eos akasahau kuomba ujana. Basi. Akazeeka, akazeeka, akazeeka, mwisho hawezi kuinua mkono, Eos akamuweka chumbani akafunga milango, na humo ndani sauti yake inaendelea tu kutoka haina mwisho. Wa baadae wakasema aligeuka nyenze. Mi kila nikisoma hapo namkumbuka Sayyid Abdallah wa Inkishafi na majumba ya Pate, zile kumbi walimokaa mabwana na sasa mnalia ngende. Mdudu mwingine, ndio, lakini nyumba ni ile ile.

Sasa hawa waandishi wa siku hizi wa fantasia wametupa sindano mpya: imani. Kwamba mungu anaishi kwa kuaminiwa, wakiisha waumini naye anaisha. Kuna riwaya ya Terry Pratchett ya mwaka 1992, mungu mkubwa mwenye dola zima, mahekalu, mapadri, askari, anashuka duniani na kujikuta ni kobe, kwa sababu kati ya maelfu wote wanaomuimba ni mmoja tu anayemuamini kikweli kweli, kijana mmoja wa bustanini. Kobe anamfokea na kijana ndiye pekee anayemsikia. Inachekesha mpaka inauma. Tangu hapo, na kabla yake, hiyo fikra imekuwa kama chumvi, kila mtu anatia kwenye mchuzi wake, kiasi kwamba vijana wengi wanadhani ndiyo imani ya Wagiriki wenyewe.

Sio. Ila ina babu yake. Mwaka 414 KK Aristophanes, mtunzi wao wa vichekesho, alionyesha tamthilia pale Athens, ndege wanajenga mji hewani katikati, wanazuia moshi wa sadaka usipande, na miungu huko juu wanashikwa na njaa mpaka wanatuma wajumbe kusuluhisha. Prometheus anakuja kwa siri amejificha chini ya mwavuli ili Zeus asimuone kutoka juu. Lakini angalia, ni njaa, hakuna aliyekufa. Wananuna, wanapungua, wanakubali masharti. Ukimnyima mungu wa Kigiriki moshi unamgombeza, humuui.

Mimi hiyo nadharia ya imani siipendi sana nikisema ukweli. Inamfanya mungu kuwa kama laini ya simu, usipoweka kredo inazimwa. Na inatupa sisi ukubwa ambao Homer asingetupa. Diomedes hakuamini wala hakukufuru, alichoma mkuki tu, na ilikuwa lazima Athena ausukume.

Lile gemu, nami nasema hili kwa shingo upande manake nimelitukana mara nyingi mbele ya kaka yangu, lile gemu lina akili zaidi. Kwa sababu limeelewa kuwa Poseidon si mtu mwenye kazi ya bahari kama mkubwa wa bandari, kwamba akifa ataajiriwa mwingine. Ni bahari yenyewe. Ukimuua lazima maji yaje juu. Na nadhani hapo ndo jibu nililopaswa kumpa mtoto pale kwenye ndoo: hawafi kwa sababu bahari haijafa, jua halijafa, watu hawajaacha kupigana wala kupendana. Ares atakufaje na habari ya saa moja jioni ile pale.

Ningeishia hapo na ningelala vizuri. Lakini kuna mmoja alikufa.

Usiku baada ya isha nikateremka pwani karibu na gati, pale kwenye ukuta wanapokaa wazee. Kuna mzee mmoja alikuwa nahodha, zamani akipeleka boriti Mombasa, sasa magoti hayamruhusu hata kupanda mashua ya Shela. "Ndoo ukae," akaniambia, akanisogezea kikombe cha kahawa. Nikamwambia mzee nina hadithi ya nahodha mwenzio. Akasema wa wapi. Nikasema Mmisri, anaitwa Thamus, mshika usukani, zamani za mfalme wa Roma anayeitwa Tiberius, na aliyeiandika ni Plutarch, ni zaidi ya miaka 1,900.

Nikamwambia: jahazi lilikuwa linakwenda Italia limejaa abiria na mizigo, jioni karibu na visiwa vya Echinades upepo ukakatika, likawa linaelea tu mpaka likasogea kisiwa cha Paxi. Watu wengi macho, wengine bado wanamalizia vinywaji baada ya chakula. Mara sauti kutoka kisiwani, inaita, Thamus! Watu wakashangaa, wengi humo chomboni hata jina lake walikuwa hawalijui. Ikaita mara ya pili. Kimya. Ya tatu akaitika. Sauti ikapanda, ikamwambia ukifika mkabala na Palodes, tangaza kwamba Pan Mkubwa amekufa.

"Pan ni nani?" Nikamwambia ni mungu wao wa wachungaji, miguu ya mbuzi. "Astaghfirullah. Enhe."

Watu wakajadiliana humo ndani, aseme asiseme. Thamus akaamua hivi: tukifika pale kama kuna upepo nitapita kimya kimya, kama hakuna upepo na bahari shwari nitasema.

Mzee akacheka, kicheko cha kifuani. "Huyo nahodha kweli," akasema. "Kajitolea njia. Kaomba upepo usiku kucha huyo, nakwambia." Alafu akanieleza yeye habari za maleleji, jinsi chombo kinavyokaa juu ya maji kama kimetiwa gundi, unasikia mtu anakohoa nchi kavu maili nzima, unasikia jogoo, na usiku huo huo unasikia na visivyokuwepo, wala hakunifafanulia ni vipi hivyo. Akasema yeye angenyamaza hata upepo ukatike, habari ya msiba wa watu usiowajua huipeleki.

Nikamaliza: wakafika Palodes, hakuna upepo hakuna wimbi. Thamus akasimama tezini akaangalia nchi kavu akasema kama alivyosikia, Pan Mkubwa amekufa. Na kabla hajamaliza vizuri kikapanda kilio, si cha mtu mmoja, cha wengi, kilio na mshangao pamoja. Habari ikafika Roma, Tiberius akamwita Thamus, akawauliza wasomi wake Pan huyu ni yupi, nao wakakisia ni yule mtoto wa Hermes na Penelope. Kuna Mfaransa, Salomon Reinach, aliyekuja kusema kwamba pengine waliokuwa kisiwani walikuwa kwenye maombolezo yao ya kila mwaka ya Tammuz, wakimlilia kwa jina lake kama kawaida, na huyu maskini anayeitwa Thamus akasikia jina lake akadhani anaitwa. Inawezekana. Zaidi ya miaka 100 baadae msafiri Pausanias bado anakuta Pan ana mahali pake pa ibada, moto unawaka. Kwa hivyo amekufa, na hajafa.

Mzee hakujali hayo ya Mfaransa. Akakaa kimya kitambo, akamwaga machicha ya kahawa chini ya ukuta.

"Waliolia," akasema, "walikuwa wanaume au wanawake?"

Nikamwambia kitabu kinasema wengi tu.

"Kwenye shwari sauti ya mwanamke ndo inayofika." Akajishika goti, akageukia upande wa Manda kama vile angesikia kitu, na kweli palikuwa na injini ya boti mbali na mbwa. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, watu wakaogopa kuteka maji wanadhani yu hai, mpaka akaletwa mama yake. Nilitaka kumwambia mzee hilo, alafu nikaona analijua kuliko mimi.

Leo asubuhi mtoto kapita dukani anakwenda shule, uso umemvimba. Nikamuuliza kulikoni. Ati jana walipokwenda kuwaonyesha wenzao wa Mkomani ile sehemu ya mwisho, wakakuta gemu halikuseivu. Stima zilikatika juzi ile ile, yeye alikuwa ameshatoka mbio kuja kuniambia mimi, na mwenye chumba alipowasha tena likarudi nyuma huko, kabla ya ngazi, kabla ya kila kitu.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo yuko hai ami." Akanyoosha mkono. "Nipe hamsini."